Damu Isiyorudi

Mjomba wangu anakaa Katuba, hapa Lubumbashi, naye ni Shahidi wa Yehova tangu kabla ya mwaka 1986, serikali ya Mobutu ilipopiga marufuku dini yao. Hakuyumba wakati ule. Mtu wa namna hiyo akikuuliza jambo la damu, humjibu juujuu. Mimi ni Mmetodisti, kazi yangu ni ya labo, na swali lake lilikuwa hili: "Ile mayi ya manjano munatoshaka mu damu, iko damu ao haiko damu tena?"

Hakuuliza kama apimwe au asipimwe, kupimwa hawakukatazi. Aliuliza kitu chenyewe ni nini. Kwao plazima, yaani maji hayo ya manjano, haiongezwi mwilini, sawa na chembe nyekundu, chembe nyeupe na vigandisha damu. Lakini vile vidogo zaidi vinavyotolewa ndani ya hizo nne, kama albumini au protini za kugandisha, kila mmoja huamua kwa dhamiri yake mbele ya Mungu. Ndivyo mafundisho yao yalivyofafanuliwa mwaka 2000. Wenzangu kazini huuona mpaka huo kuwa wa kubuni tu. Mimi nauheshimu. Anayeamini kwamba uhai umo katika damu, kama Mambo ya Walawi inavyofundisha, hana budi kuuliza uhai huo unakwenda wapi damu inapogawanywa. Asipouliza, haamini; anakariri.

Acha damu isimame kwenye mrija wenye dawa ya kuzuia kuganda. Nyekundu huzama taratibu, juu hubaki plazima, angavu na ya manjano, na katikati yao utando mwembamba mweupe. Plazima peke yake huzidi kidogo nusu ya damu yote. Sisi hatungoji izame. Tunaizungusha kwenye santrifuji, umeme ukiwapo. Na kutenga si anasa. Ukitaka kuhesabu virusi vya UKIMWI kwa mama anayemeza dawa zake, chembe nyeupe zina nakala zilizojificha ndani, na zikichanganyika na sampuli hesabu hupanda. Mama aliyemeza dawa kwa uaminifu anaonekana kana kwamba alizitupa, naye anakaripiwa bure.

Kwa sababu hiyo wahandisi wa nchi nyingi wanachora vibao vidogo vya plastiki au silikoni laini, vyenye mifereji myembamba kama unywele, ili tone la kidole lijitenge lenyewe. Vingine vina chujio, vingine vina kijishimo ambamo chembe huzama. Vinavyonigusa mimi ni vile vya njia panda. Mfereji mmoja unagawanyika: tawi moja hupitisha damu kwa kasi, jingine polepole. Tawi moja likizidi jingine mara mbili na nusu hivi, karibu chembe zote hufuata lile la kasi, na lile la polepole hupata plazima karibu tupu. Hakuna injini. Ila usilazimishe: ukisukuma kwa nguvu chembe hupasuka, plazima huwa nyekundunyekundu, na kipimo kimeharibika.

Njia panda hiyo ilikuwepo kabla ya mhandisi yeyote. August Krogh wa Denmark aliieleza mwaka 1921 alipochunguza mishipa midogo kabisa ya mwili: penye matawi damu haigawanyiki sawasawa, na kuna vijishipa ambavyo kwa muda hupitisha plazima peke yake. Nikamwambia mjomba kwamba basi mwili wenyewe, kama Muumba alivyoufanya, hutenga kila dakika. Alikaa akifikiri.

"Ndiyo," akasema. "Lakini mule mu mwili inarudiaka."

Naona hapo aligusa kiini. Ukitafuta uhai upande wa nyekundu au wa manjano hutaupata upande wowote, maana mbele kidogo, kwenye mshipa mkubwa, vyote hukutana tena. Uzito wa kazi yetu haumo katika kutenga. Umo katika kwamba tunachotoa hakirudi kwa mwenyewe. Sisi wa Lubumbashi tunalijua jambo hili kwa macho: tangu mwaka 1911 mji huu unatenga shaba na jiwe, shaba ikaenda ng'ambo, tukabaki na mlima mweusi wa taka karibu na bomba la moshi la kampuni ya Gécamines.

Wazee wa Katanga walisimulia habari za batumbula, watu waliodaiwa kuwakamata wenzao usiku kwa ajili ya Wazungu. Waswahili wa pwani walikuwa na mumiani wao, waliosemekana kunyonya damu za watu. Visa vile havikuwa vya kweli, lakini hofu ilikuwa na mantiki: damu inachukuliwa, na hakuna neno linalorudi. Mwaka 1959, kule Léopoldville, mtu mmoja alitolewa damu kwa utafiti wa malaria na urithi. Plazima yake ilihifadhiwa, na mwaka 1998 jarida la Nature likatangaza kwamba ndani yake mna virusi vya UKIMWI, ushahidi wa zamani kuliko wote uliokuwa umepatikana. Dunia nzima imejifunza kwa mtu huyo. Jina lake halijulikani. Virusi vyenyewe havikuwa vimegunduliwa alipotoa mkono wake, kwa hiyo simlaumu aliyemtoboa. Nasema tu kwamba deni lile lipo.

Basi damu isiporudi, jibu lirudi. Kwangu huo ndio wema wa vibao hivi, kabla hata ya bei yake. Mrija unasafiri kwenda labo kubwa, mgonjwa amepanda gari kurudi Kasenga, na karatasi ya majibu inafika yeye hayupo. Kifaa kinachotenga na kupima papo hapo kinamjibu akiwa bado amekaa kwenye benchi. Kinachotenga tu, kisha plazima ikapelekwa mbali, kimelipa nusu. Na kwa mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, tofauti ya tone moja na mrija mzima si ndogo.

Mjomba bado ana swali jingine, nalo silioni likitajwa sana na wachoraji wa vibao: ile nyekundu iliyonaswa ndani inakwenda wapi? Katika Torati mwindaji humwaga damu ya mnyama chini na kuifunika kwa udongo. Sisi tunachoma, na ni lazima tuchome. Damu yenye magonjwa haiwezi kufukiwa karibu na visima vya Katuba. Yeye haupendi moto huo, ila anachodai ni kwamba mwenye damu aambiwe kabla ya kutobolewa. Siku hizi nawaambia wote, kila anayenipa kidole: tunapima nini, jibu utalipata lini, na kinachobaki kitachomwa kwenye tanuri lile pale nyuma. Wengi huitikia tu. Wapo wanaoomba waonyeshwe tanuri, nami huwapeleka.