Wimbo Unaotua Kwenye La

Zaburi ya 88 haina mwisho mwema. Zaburi nyingi za maombolezo huanza kwa kilio na kumalizia kwa sifa, lakini hii huanza kwa kilio na kuishia gizani. Sisi tunaohudumu katika usharika mdogo wa Kilutheri hapa Ihanda, mkoani Songwe, tumeihubiri mara chache mno. Tukijichunguza tunaijua sababu: hatukujua tuifanyie nini. Aliyetusaidia kuisoma hakuwa mtaalamu wa Agano la Kale. Alikuwa kijana mwenye gitaa.

Msomaji asiyeyajua maeneo haya aelewe kwamba tunaishi na barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia. Malori hupita usiku na mchana, na foleni ya mpakani inajulikana nchi nzima. Barabara hiyo inatulisha, na mara nyingine inatuliza. Miaka michache iliyopita ilimchukua utingo wa lori wa miaka 22, mtoto pekee wa mama mmoja msharika wetu.

Tulikwenda msibani na kwaya, kinanda na spika mbili. Tulitaka kumtia mama moyo, kwa hiyo tukachagua nyimbo za ushindi: za ufufuo, za mbinguni, za kupiga makofi. Kwaya ikacheza kama siku ya mavuno. Wimbo wa tatu ulipoanza, mama akamtuma mtu kwa mchungaji na maneno haya: "Mwambieni Baba Mchungaji, naomba wanyamaze kidogo. Mwanangu hata hajazikwa."

Tulinyamaza. Hatuna wa kumlaumu kwa jambo hilo. Tulichagua nyimbo wenyewe.

Usiku, kwenye moto wa matanga, rafiki wa marehemu alitoa gitaa la mbao lisilohitaji spika. Ni kijana anayechuma kahawa msimu wa mavuno na kutengeneza simu miezi mingine. Hakuimba neno. Gumba lake lilipiga besi bila kukatika, vidole vingine vikatafuta sauti za juu polepole. Kila pigo la pili na la nne, ubavu wa gumba uliziangukia nyuzi na kutoa mlio mkavu, kama mtu anayegonga mlango. Pengine kisigino cha kiganja kiligonga sanduku la gitaa, nalo likaitika kama ngoma. Wanakwaya wanaosoma sol-fa waligundua upesi: wimbo haukutua kwenye do, ulitua kwenye la. Mama akatoka ndani, akaketi karibu na moto, akalia kwa sauti. Tangu habari zimfikie alikuwa hajalia.

Baada ya maziko, wazee wawili wa usharika walikuja kwetu. Wakasema ule ni muziki wa baa, unaitwa bluzi, na haufai kwenye msiba wa Mkristo. Mmoja akauliza: "Mchungaji, sisi tunaoamini ufufuo tunawezaje kupiga wimbo usio na tumaini ndani yake?" Hilo ni swali la kweli, na mtu asilidharau. Paulo anatuagiza kufurahi katika Bwana siku zote. Kanisa linaloimba huzuni tupu linaweza kuwafundisha watu kukata tamaa.

Hatukuwa na jibu. Tukakubaliana na wazee kwamba kabla ya kuhukumu, tujifunze. Tukamwomba yule kijana atufundishe kila Jumamosi jioni: mchungaji, mwalimu wa kwaya, na yule mzee aliyeuliza swali. Mzee alikuja na gitaa kuukuu aliloachiwa na baba yake, mmoja wa wanaume wengi wa pande hizi waliovuka mpaka kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba.

Somo la kwanza lilichukua dakika moja, nasi tunalitafakari mpaka leo. Kijana alitushikisha kodi ya A, ile yenye furaha. Kisha akatuambia turudishe kidole kimoja nyuma, nafasi moja tu kwenye shingo ya gitaa. Kodi nzima ikabadilika, ikawa ya huzuni. Sauti nyingine zote zilibaki palepale. Tulifikiri wimbo wa furaha na wimbo wa huzuni ni nchi mbili zenye mpaka na forodha kati yake. Kumbe kinachozitenga ni nusu hatua ya sauti moja. Mwenye kujua kimoja hawi mgeni wa kingine.

Somo la pili lilituchukua miezi. Ni somo la gumba. Katika upigaji huu gumba hutunza mwendo, liwe linapiga besi au linagonga nyuzi, na vidole vingine hubeba kilio. Mwanzoni, kila vidole vilipokosea, gumba lilisimama kuvisubiri. Kijana akarudia maneno yaleyale kila Jumamosi: "Baba Mchungaji, gumba lisisimame. Vidole vikikosea, viache vikosee. Gumba liendelee." Tulitoka malengelenge, kisha sugu. Mwalimu wa kwaya, aliyezoea kuongoza watu 30, alishindwa kuongoza kidole chake kimoja.

Jambo jingine ni lile pigo kavu. Gumba linapoziangukia nyuzi, hutoa mlio na papo hapo huzinyamazisha. Ule mgongo wa wimbo uliotugusa usiku wa matanga umejengwa kwa kukatiza sauti. Sisi tuliojaza msiba kwa spika mbili tulihitaji kufundishwa hilo na chombo cha mbao.

Tulipokuwa tukijifunza tuliuliza pia muziki huu umetoka wapi, maana wazee walikuwa na haki ya kujua. Mwaka 1739 watumwa wa Kiafrika waliasi huko South Carolina, Marekani, karibu na mto Stono, wakiandamana kwa ngoma. Sheria iliyofuata mwaka 1740 iliwakataza watumwa kupiga ngoma. Ngoma ilinyang'anywa, lakini mikono haikunyang'anywa. Watu wakapiga makofi, wakapiga mapaja, wakapiga miguu chini. Vizazi vya baadaye wakapiga na gitaa, wakalifanya liwe uzi na ngoma kwa pamoja. Msharika wa Tanzania anaielewa habari hii bila kufasiriwa, kwa kuwa hata huku kwetu wako wamisionari waliotuletea Injili na kutuambia tuache ngoma mlangoni.

Katika jimbo hilohilo la South Carolina alizaliwa Gary Davis mwaka 1896. Alikuwa kipofu tangu utotoni. Alipiga bluzi, kisha katika miaka ya 1930 akawekewa mikono kuwa mchungaji, na kwa miaka mingi alihubiri na kupiga gitaa barabarani Harlem, New York. Alifariki mwaka 1972. Alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia: gumba na cha shahada.

Mzee wetu aliposikia hivyo alicheka. Akasema baba yake alipiga hivyohivyo, gumba na cha shahada, kama walivyopiga watu wa Katanga. Ni kweli. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, Kongo, na upigaji wake wa vidole viwili ukaenea Afrika Mashariki na Kati. Katika rekodi nyingi za gitaa za miaka ile husikika pia chupa ya soda ikigongwa kutunza mwendo. Bosco alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia. Basi kile tulichokiita muziki wa kigeni wa baa kilikuwa na ndugu yake ndani ya nyumba ya mzee, kikining'inia ukutani.

Lakini asili ya muziki haijibu swali la mzee. Swali lilihusu tumaini. Je, ni imani, au ni upungufu wa imani, kuimba wimbo unaotua kwenye la?

Kwanza, Yesu alilia. Yohana 11 inaonyesha kwamba alipofika Bethania alijua atakalofanya. Mapema alikuwa amewaambia wanafunzi kwamba anakwenda kumwamsha Lazaro. Hata hivyo alilia. Kama machozi yangekuwa upungufu wa imani, yasingekuwa machoni pake. Naye Paulo, anapowaandikia Wathesalonike, hawakatazi kuhuzunika. Anawakataza kuhuzunika kama watu wasio na tumaini. Kwa hiyo iko huzuni yenye tumaini, nayo ni huzuni kamili. Si furaha iliyovaa nguo nyeusi.

Pili, sisi Walutheri tulifundishwa chuoni hoja za Heidelberg za mwaka 1518. Humo Luther anatenga aina mbili za wanatheolojia. Mwanatheolojia wa utukufu huliita baya jema na jema baya. Mwanatheolojia wa msalaba hukiita kitu kama kilivyo. Tuliyajua hayo kwa mtihani. Msibani, mbele ya mama yule, tulikuwa wanatheolojia wa utukufu wenye spika mbili. Kijana aliyepiga bila neno alikiita kifo kifo. Luther mwenyewe, aliyepiga luti, chombo cha nyuzi chenye undugu na gitaa, aliigeuza Zaburi ya 130 kuwa wimbo wa ibada wenye sauti nzito ya huzuni. Mwaka 1542 alimzika binti yake Magdalena wa miaka 13, na hakuficha kwamba moyo wake umevunjika.

Tatu, huzuni ya Biblia ina umbo. Katika kitabu cha Maombolezo, sura ya kwanza, ya pili na ya nne zina aya 22 kila moja, na kila aya huanza na herufi inayofuata ya alfabeti ya Kiebrania. Yerusalemu imeteketea, watoto wanakufa kwa njaa, na mwandishi analia kwa mpangilio wa herufi. Bluzi nayo hutembea kwa vipimo 12: vinne nyumbani, viwili nje, viwili nyumbani tena, viwili vya kuvuta, viwili vya kutua. Halafu huanza upya. Kilio kinapewa kuta ili kisimmeze anayelia. Hapa tuliona hofu ya mzee wetu ilikuwa na haki ndani yake. Ipo huzuni inayojipenda, isiyotaka kumalizika, na hiyo ni hatari. Lakini dawa yake si kuchezesha kwaya. Dawa yake ni gumba. Vidole vinalia, vinakosea, vinauliza kwa nini, na chini yake mwendo hauachi. Mwimbaji wa Zaburi ya 88 hapati jibu lolote, lakini anamwita Bwana, Mungu wa wokovu wake, na anasema anamlilia mchana na usiku. Wimbo wake unatua kwenye la, ila gumba lake halikusimama. Hilo ndilo tumaini lililomo, na sisi tulilitafuta mahali pasipo pake, kwenye kodi ya mwisho.

Si mbali sana nasi, katika kijiji cha Ndolezi, kipo Kimondo cha Mbozi, chuma kizito kilichoanguka kutoka juu. Wageni hufika kukitazama na kukigonga ili wasikie mlio wake. Mwaka 1977 wanadamu walirusha juu kitu cha kwao: chombo cha Voyager chenye santuri ya dhahabu. Ndani yake upo muziki uliorekodiwa mwaka 1927 na Blind Willie Johnson, mwimbaji kipofu wa nyimbo za dini. Anapiga gitaa na kuguna bila neno, na kipande hicho kinatokana na wimbo wa kanisani kuhusu Bwana katika Gethsemane. Katika Warumi 8 Paulo anasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kama mguno wa kipofu ulistahili kupelekwa mbinguni kwa niaba ya dunia, hakika unaweza kuingia kanisani Ihanda.

Baraza la wazee halikupiga kura. Yule mzee alisema tu: "Tujaribu, tumsikilize mama." Ilipofika ibada ya shukrani ya kumaliza msiba, tulimwomba mama ruhusa, tukaketi mbele watu wanne na magitaa manne. Tulikosea sana. Kijana alitutazama kila tulipotaka kusimama, nasi tukaendelea. Tulipiga vipimo 12 mara sita, bila maneno, tukatua kwenye la, tukanyamaza. Kanisa zima likanyamaza nasi.

Kisha mama akasema kutoka kwenye benchi lake, kwa sauti ya kawaida: "Asanteni, wanangu. Sasa imbeni na zile nyingine."

Tukaimba zile nyingine, za ufufuo, na yeye akaimba nasi. Zilikuwa nyimbo zilezile za siku ya msiba. Hazikuwa na kosa lolote siku ile pia. Kosa letu lilikuwa kumtaka mama aruke Ijumaa Kuu ili atukute sisi kwenye Pasaka.

Tunawaomba wachungaji na walimu wa kwaya wanaosoma kitabu hiki wahesabu nyimbo za kwaya zao. Zaburi za maombolezo ni karibu theluthi ya Zaburi zote. Katika daftari letu la kwaya hatukukuta hata wimbo mmoja wa namna hiyo. Sasa tunao mmoja, na tunaandika wa pili. Mzee ndiye anayepiga besi.