Uchakavu wa Kubuni: Maadili ya Kukusanya Masalio ya Kesho

Katika boma la Mutomo, kusini mwa Kitui, jiwe la kusagia lililotumiwa kwa vizazi kadhaa huwa limelika katikati. Bonde hilo halikuchongwa kwa makusudi. Ni kazi ya mikono ya wanawake ambao wenyeji huweza kuwataja: mama, mavyaa, nyanya. Uchakavu wa jiwe hilo ni kumbukumbu yenye wenyewe. Kinyume chake ni sanamu za Daniel Arsham, msanii wa Marekani, ambaye tangu mwaka 2013 amekuwa akiunda simu na kamera za zama hizi kwa plasta, majivu ya volkano na fuwele, zikiwa zimemomonyoka kana kwamba zimefukuliwa baada ya karne nyingi. Sanamu hizo zina wakusanyaji wengi. Makala haya yanauliza: mtu anayenunua uchakavu usio na mtumiaji hubeba wajibu gani wa kimaadili?

Shutuma iliyo karibu zaidi ni ya udanganyifu, lakini haina mashiko. Mfanyabiashara anayepaka kinyago cha mti mwepesi rangi ya viatu ili kiuzwe kama mpingo humdanganya mnunuzi. Arsham hamdanganyi yeyote, kwani kila mtazamaji anajua kwamba kamera ile haijawahi kuzikwa. Kubuni si kusema uongo. Ingekuwa hivyo, riwaya yote ingekuwa hatiani. Tatizo, kama lipo, halina budi kutafutwa kwingine.

Dhana za John Mbiti, mwanafalsafa na mwanatheolojia aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, zinatoa mwanga. Katika kitabu chake cha mwaka 1969, akitegemea kwa kiasi kikubwa nyakati za vitenzi vya Kikamba, Mbiti alidai kwamba wakati hutoka Sasa kuelekea Zamani, na kwamba wakati ujao hauvuki miaka miwili hivi. Dai hili limepingwa, hususan na Kwame Gyekye mwaka 1987, na si lazima likubaliwe lote. Lililo muhimu hapa ni maelezo yake kuhusu marehemu. Kwa mujibu wa Mbiti, aliyekufa hubaki katika Sasa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina; akiondoka wa mwisho aliyemjua, marehemu huzama katika Zamani. Kinachotenga nyakati hizo mbili, basi, si idadi ya miaka bali ni jina.

Kigezo hiki kikitumika kwa vyombo, historia ya Ukambani inasomeka upya. J. M. Hildebrandt alipita huko mwaka 1877, na Gerhard Lindblom alifanya utafiti wake miongoni mwa Wakamba kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika enzi hiyo vyombo vingi vya Afrika Mashariki vilipelekwa katika makumbusho ya Ulaya. Kibuyu kilichonywewa jana kiliwekwa ndani ya kabati la kioo, kikaandikiwa kabila na mahali; jina la aliyekishona kilipopasuka halikuandikwa. Chombo kikatupwa katika Zamani kingali na joto la mkono. Mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo ng'ambo, uliofanyiwa maonyesho Nairobi mwaka 2021, ulipata zaidi ya vitu 32,000. Hivyo, kugeuza chombo cha leo kuwa masalio hakukuanza na Arsham. Wakamba walitendewa hivyo bila kuombwa ridhaa.

Vigango vya Wamijikenda vinathibitisha uzito wa jina. Kigango husimamishwa kwa heshima ya marehemu, na jua, mvua na mchwa huachiwa kazi yao. Mkusanyaji alivutiwa na mikwaruzo ileile, akainunua kama sura nzuri. Vigango viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa kwa familia yake mwaka 2007, kwa kuwa mtafiti alikuwa amevipiga picha pamoja na mwenyewe. Jina ndilo lililovitoa katika Zamani ya makumbusho.

Yaweza kudaiwa kwamba sanamu za Arsham hazina mwathiriwa: hakuna aliyeibiwa, na hakuna jina lililofutwa. Hoja hii ni ya kweli, nayo ndiyo inayoonyesha thamani ya sanamu hizo. Zinamtendea mwenye kamera yale makumbusho yaliyomtendea mwenye kibuyu: zinamwonyesha chombo chake kikiwa mikononi mwa mgeni asiyemjua wala kumhitaji. Mkusanyaji akikubali kusimama mahali hapo pa kutazamwa, ununuzi wake ni zoezi la unyenyekevu. Akijihesabu kuwa ndiye mgeni wa kesho anayefukua, amejinunulia tena kiti kilekile cha mwenye kabati la kioo, safari hii bila lawama ya wizi.

Wajibu wa mkusanyaji, kwa hiyo, haumo katika kuikataa sanaa hii. Umo katika kuuliza, mbele ya kila kitu kilicholika, ni nani aliyekila. Kwa sanamu ya plasta jibu ni msanii mmoja, na linatosha. Kwa kibuyu cha Ukambani kilicho ng'ambo jibu halijatolewa, na anayependa uchakavu wa kubuni hawezi kudai kwamba hajui uchakavu wa kweli unadai nini. Huko Mutomo jiwe la kusagia halimsubiri mfukuaji. Linawasubiri wanaojua ni mikono ya nani iliyolilaza bonde.