Ufa Uliozibwa

Methali yetu yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimeifundisha methali hii kwa zaidi ya miaka thelathini, na wanafunzi wangu hawakupata taabu kuieleza. Lakini methali yenyewe inakoma pale ufa unapozibwa. Haisemi lolote juu ya mtu aliyekwisha kuuziba: je, anao wajibu wa kuwaambia wengine kwamba hapa palikuwa na ufa? Swali hilo sikukutana nalo darasani. Nilikutana nalo nikiwa nimestaafu, kwa sababu ya pikapu.

Pikapu hiyo ilikuwa Toyota kuukuu, ambayo kwa miaka mingi ilipanda na kushuka nami milima ya Machame ikiwa imebeba kahawa, ndizi, majani ya ng'ombe, na mara nyingine jeneza. Raba inayoishikilia giaboksi ilichanika. Fundi aliniambia niibadilishe, nami nikajibu kuwa nitaibadilisha mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa miezi minane. Siku moja nikapakia mawe ya msingi na kuupanda mlima kwa gia ya kwanza huku giaboksi ikitikisika. Asubuhi yake nikakuta dimbwi la oili chini ya gari. Ganda la giaboksi, ambalo ni la alumini, lilikuwa limepasuka karibu na tundu la bolti. Kosa halikuwa la barabara wala la waliolitengeneza gari. Lilikuwa langu.

Tuliishusha giaboksi katika gereji moja ya Majengo, mjini Moshi. Fundi akaifungua na kuliosha ganda mara tatu, maana oili huingia ndani ya ufa na vinyweleo vya alumini, na ikibaki humo huharibu kiungo. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, una chaki?" Nikacheka. Chaki sikosi. Akapaka chaki upande wa nje, akamimina mafuta ya taa upande wa ndani, tukangoja. Baada ya muda mstari wa unyevu ukajitokeza juu ya ule weupe, nao ulikuwa mrefu karibu mara mbili ya ufa tuliouona kwa macho. "Huu ndio ufa wako," akasema.

Alitoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, kwa kuwa nguvu zote hujikusanya pale kwenye ncha kali. Akauchimba mfereji, akalipasha ganda joto taratibu, ndipo akachomelea. Alumini haitoi onyo kama chuma. Huyeyuka ikikaribia nyuzi 660 za sentigredi bila kwanza kuwa nyekundu, na asiyejua kazi hushtukia ganda limebomoka mkononi. Mwisho tukarudia chaki na mafuta ya taa. Chaki ikabaki kavu. Nililipa nikarudi nyumbani, na gari likaendelea kufanya kazi bila kudondosha tone.

Baada ya mwaka na nusu macho yangu yakaanza kuona ukungu, nikaamua kuliuza. Kijana mmoja wa jirani, ambaye nilimfahamu tangu akiwa mtoto, alilitaka kwa ajili ya kupeleka ndizi Kwasadala na Moshi. Tulikubaliana shilingi milioni tisa. Fedha hizo nilikuwa nimezipangia bati jipya la nyumba, maana la zamani linavuja hadi chumba anacholala mke wangu.

Nilipomweleza fundi kuwa nataka kumwambia kijana habari za ufa, alinisikitikia. "Mwalimu," alisema, "imekwisha kupona. Ukimwambia, atasikia neno ufa tu. Neno kupona hatalisikia. Isitoshe, pale nilipochomelea ni pagumu kuliko pengine pote." Hilo la mwisho nilijua ni nusu ya kweli, kwa kuwa joto la kuchomelea huweza kuilegeza alumini iliyo pembeni. Lakini maneno yake ya kwanza yalinichoma, kwa sababu mimi mwenyewe nilipata kuyatumia.

Mwaka 1992, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja aliyekabidhiwa ufunguo wa stoo alikamatwa akiuza sukari ya chuo. Alilia, akarudisha fedha kidogo kidogo, akafanya kazi za adhabu bila kunung'unika. Alipomaliza masomo niliandika barua ya kumpendekeza, na juu ya sukari sikuandika hata neno moja. Nilijiambia: amepona, nikiandika, watasoma neno mwizi tu. Sisi Wachaga tunalo jani la sale. Ukilipeleka kwa uliyemkosea, unaomba msamaha, na si rahisi kukataliwa. Akishalipokea, ugomvi ule haufukuliwi tena.

Basi nikabaki na fumbo. Iweje niwe nilitenda haki kuuficha ufa wa mtu, kisha niwe mkosaji nikiuficha ufa wa ganda la giaboksi?

Nilikaa na fumbo hilo siku kadhaa, na jibu nililopata lilitoka kwa yule mwanachuo mwenyewe. Miaka mingi baadaye alinitembelea, wakati huo akiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Katika mazungumzo aliniambia kuwa ufunguo wa stoo ya shule yake yeye haushiki kamwe. Anao msaidizi wake, na vitabu vya stoo hukaguliwa na mwalimu mwingine. Hakunieleza sababu, nami sikuuliza.

Mtu huujua ufa wake, na akitaka anaweza kuulinda asiuwekee mzigo. Giaboksi haijijui. Anayeweza kuulinda ufa wake ni mwenye gari tu, naye hawezi kulinda asichokijua. Kwa hiyo gari linapobadilisha mikono, ni lazima habari za ufa ziende pamoja na ufunguo. Kumficha mnunuzi ni kumnyang'anya uwezo wa kulinda mali yake, na pengine uhai wake.

Dunia ililijua hilo kwa gharama kubwa. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Uingereza iitwayo Comet, ya kwanza ya jeti kuchukua abiria, ilianza safari za London hadi Johannesburg ikipitia Entebbe. Januari 1954 Comet moja ilisambaratika angani karibu na kisiwa cha Elba, wakafa watu wote 35. Aprili nyingine ikaanguka baharini karibu na Naples. Uchunguzi ulionyesha kuwa kiwiliwili cha ndege kilichoka, ufa ukakua safari baada ya safari. Matokeo yalitangazwa hadharani, na hata watengenezaji wa nchi nyingine wakajifunza. Kuutaja ufa hakukuwa kuwaaibisha wahandisi wale. Kuliwalinda abiria waliokuja baadaye.

Hata hivyo, sijifanyi kuwa nimemaliza. Barua ile ya 1992 ilipokewa na watu ambao sikuwauliza kama wako tayari kubeba mzigo wa imani yangu. Nilibahatika. Na kama kosa lake lingekuwa la kumdhuru mtoto, ukimya wangu usingekuwa huruma, ungekuwa uovu. Sukari inarudishwa, mtoto harudishwi alivyokuwa.

Nilimwita kijana, nikamlaza chini ya gari na tochi, nikamwonyesha kovu la alumini, nikamweleza pia habari za raba na ile miezi minane ya uzembe wangu. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nashukuru, babu, lakini milioni tisa sitaweza tena." Tukaishia milioni saba na nusu. Bati lilitosha upande mmoja wa nyumba, nasi tukahamishia kitanda upande huo. Jioni namsikia akishuka na ndizi. Anaingiza gia ndogo mapema, kabla mteremko haujaanza, jambo ambalo mimi sikuwahi kulifanya.