Dakika Mbili Pale Kona

Kariakoo ilipimwa viwanja enzi za Mjerumani, mitaa ikanyooshwa kama mistari ya daftari, wakati magari mjini yalikuwa ya kuhesabu. Mitaa ni ileile. Kilichobadilika ni maghorofa: chini maduka, juu stoo, na mbele ya kila mlango kuna gari linalosubiri mzigo. Mtaa wa mita 6 ukipakiwa Fuso upande huu na Noah upande ule, katikati zinabaki mita 2 na kidogo. Lori la zimamoto lina upana wa karibu mita 2.5, vioo vya pembeni bado.

Kwenye kona ya mtaa wa namna hiyo alifika mfanyabiashara wa vitenge kutoka Morogoro, saa saba mchana, maegesho yote yamejaa. Akaona upenyo. Akapandisha tairi za mbele kwenye njia ya waenda kwa miguu, mkia wa Noah ukabaki barabarani, akawasha hazadi, akashuka. Kijana anayewapangia watu magari pale akamkimbilia.

"Shikamoo mzee. Hapo kona, magari makubwa hayatakata. Naomba usogee mbele kidogo."

"Marahaba. Dakika mbili tu, mdogo wangu. Mzigo wangu umeshafungwa."

Akaondoka na ufunguo.

Sidhani alikuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma katika kisa hiki. Alikuwa na haraka ya kawaida na aliamini anachosema. Lakini ghorofa ya tatu alikuta rangi alizoagiza sizo, mabelo yakafunguliwa, bei ikazungumzwa upya, akaletewa soda. Chini, hazadi zinawaka na kuzima. Taa zile zimewekwa kwenye gari kwa ajili ya hatari: gari limekufa, limegongwa, limezimika katikati ya njia. Sisi tumezigeuza kibali. Ukiziwasha, kona ni yako, geti la mtu ni lako, kituo cha daladala ni chako. Na kila dereva anahesabu dakika zake mwenyewe. Hajumlishi za aliyemtangulia wala za atakayemfuata. Kona ile ilikuwa imezibwa tangu asubuhi, kwa zamu, na watu ambao kila mmoja alikuwa anatoka sasa hivi.

Nyumba chache ndani ya mtaa huo, mama mmoja fundi cherehani alikuwa anapiga pasi umeme ukakatika. Akailaza pasi juu ya kitambaa, akaenda kuswali adhuhuri. Swichi hakuizima. Umeme ukarudi yeye hayupo.

Jirani alipoona moshi alipiga 114, na zimamoto hawakuchelewa. Bodaboda ziliwapisha, bajaji zikabana pembeni, wauza maji wakavuta matoroli yao. Walipofika kona, dereva wa lori akakata usukani, akarudi nyuma, akakata tena. Bampa ya Noah ilikuwa palepale ambapo lori lilihitaji kupita. Mtaa mzima ukaanza kuita, "Mwenye Noah! Mwenye Noah!" Ghorofa ya tatu, feni inazunguka na watu wanapatana bei, hakuna aliyesikia.

Wapagazi wakatupa mizigo chini, wakaizunguka Noah, wakaishika chini ya bampa. Gari lile lina uzito wa kama tani moja na nusu, handibreki imevutwa na gia iko kwenye paki. Wananyanyua mkia, wanausukuma, wanautua, wanashika upya. Askari wa zimamoto hawakuwangoja. Walikuwa wameshaanza kuvuta mipira kwa miguu, wanaiunga kipande kwa kipande hadi ifike ndani ya mtaa. Yote hayo yanakula muda, na chumba kilichojaa vitambaa huwaka chote ndani ya dakika chache. Maji yalipofika yaliokoa nyumba ya jirani. Chumba cha fundi kilikuwa kimekwisha.

Hakuna aliyekufa, na watu wakashukuru. Lakini viliungua vyerehani vitatu, sare za harusi ya Jumamosi, vitambaa vya wateja waliokwisha kulipa na daftari la vipimo vyao. Mama yule alilaumu pasi yake, na ni kweli moto aliuanzisha yeye. Aliyeupa muda wa kula ni mwingine.

Mfanyabiashara aliposhuka, mpagazi nyuma yake na belo kichwani, alikuta trafiki anamsubiri. Akaandikiwa faini ya shilingi 30,000, akailipa. Kwa upande wa sheria mambo yakaishia hapo. Kwa fundi cherehani, fedha hiyo haikuwa hata ya kununulia meza.

Mjumbe wa mtaa ndiye aliyewakalisha pamoja jioni ile, nje ya duka moja, harufu ya moshi bado ipo. Mfanyabiashara hakubisha. Alisema atanunua cherehani kimoja, na alikinunua, kwa awamu mbili. Vile viwili mama anavitafuta mwenyewe. Harusi ilifanyika kwa nguo za kuazima. Mfanyabiashara bado anakuja Kariakoo kufuata vitenge. Noah anaiacha Mnazi Mmoja, na mabelo anamlipa mtu wa mkokoteni amfikishie.