Ndoto Yangu, Jina la Ndugu Yangu

Soma kwa Somo la Juma Hili: Mwanzo 37:5–11; Waamuzi 7:13–15; Mhubiri 5:3, 7; Yeremia 23:25–32; Mathayo 1:18–25; Mathayo 5:23, 24.

Usiku mmoja niliota tuko kanisani Sabato asubuhi. Mhazini wetu, mama mtu mzima aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, alisimama mbele kupokea sadaka. Badala ya kapu alishika sufuria kubwa ya pilau. Kila aliyetoa sadaka alipewa kijiko. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kufika kanisani kwetu, alikaa kwenye kiti cha mchungaji akikagua vijiko. Kwaya iliimba ikiwa imevaa khanga za kulalia. Mwishowe mhazini akaifunika sufuria, akajitwika, akatoka nayo mlangoni, nasi sote tukasema, “Amina.”

Niliamka nikicheka. Sabato iliyofuata, tulipokuwa tukila pamoja baada ya ibada, niliisimulia mezani. Watu walicheka mpaka machozi. Kisha mmoja akauliza taratibu, “Alitoka nayo yote?” Kicheko kikapungua. Kufikia ibada ya Jumatano jioni, ndoto ilikuwa imepata jina jipya: dada fulani “ameonyeshwa.” Haikupita muda, baraza la kanisa likaombwa vitabu vya hazina vikaguliwe. Vilikaguliwa, na hakuna shilingi iliyopotea. Lakini mama yule aliponikuta uani aliniambia, “Mwanangu, miaka yote hii nimekaguliwa kwa risiti. Safari hii nimekaguliwa kwa ndoto yako.”

Tangu siku hiyo nimejiuliza swali ambalo nadhani wengi wetu tunapaswa kujiuliza. Je, nilitenda dhambi? Na kama nilitenda, ilikuwa wapi: katika kuota, katika kucheka, katika kusimulia, au katika jambo jingine?

Ndoto Hutoka Wapi?

Mhubiri anafundisha kwamba ndoto huja kwa sababu ya shughuli nyingi (Mhubiri 5:3). Jumapili ile nilikuwa nimepika pilau ya wageni, na mama mkwe alikuwa amepiga simu kusema anakuja kututembelea. Vitu vyote vya ndoto yangu vilikuwa nyumbani mwangu kabla sijalala.

Mwaka 1953 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, walieleza kwamba kuna kipindi cha usingizi ambacho macho hutembea haraka chini ya kope. Mara nyingi watu wakiamshwa wakati huo husimulia ndoto zilizo wazi. Katika kipindi hicho ubongo hufanya kazi sana, lakini misuli ya mikono na miguu hulegea, hata tusiinuke kitandani kuyatenda tunayoyaota. Sehemu za ubongo zinazohusika na hisia huwa macho, huku sehemu za mbele, zinazotusaidia kupima mambo, zikitulia. Ndiyo maana mama mkwe anaweza kukaa kwenye kiti cha mchungaji na hakuna anayeshangaa.

Ellen White, ambaye mwenyewe alipewa maono na ndoto kutoka kwa Bwana, aliwatahadharisha ndugu kwamba ndoto nyingi hutokana na mambo ya kawaida ya maisha, na Roho wa Mungu hahusiki nazo. Tena alisema kwamba ziko ndoto za uongo. Basi si kila aliyeota ameonyeshwa.

Je, Nina Hatia kwa Niliyoyaota?

Ndugu aliyeacha pombe na kubatizwa anaweza kuota amekaa tena kilabuni na kikombe mkononi. Huamka na jasho, akidhani ameanguka. Dada mwaminifu anaweza kuota akimpiga mumewe kwa mwiko mbele ya kwaya. Je, watubu?

Swali hili ni la zamani. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alimwuliza Mungu jambo hilo katika kitabu chake cha Maungamo, miaka ipatayo 1,600 iliyopita. Alishangaa kwamba picha alizozishinda akiwa macho zilimshinda akiwa usingizini. Je, alikuwa mtu mwingine alipolala? Alipoamka, dhamiri yake ilipata amani, kwa maana aliona kwamba si yeye aliyeyatenda mambo yale, ingawa alisikitika kwamba yalitokea ndani yake.

Yakobo anaonyesha njia ya dhambi: tamaa humvuta mtu, na ikichukua mimba huzaa dhambi (Yakobo 1:14, 15). Katikati ya kuvutwa na kuzaa kuna kukubali. Aliyelala hana uwezo wa kukubali wala kukataa. Basi ndugu yule hakunywa. Na amshukuru Mungu kwamba alipoamka alichukia alichokiota.

Hata hivyo mtu anaweza kusema, “Basi ndoto haina uhusiano wowote na moyo wangu.” Hapo tutakuwa tumekwenda mbali mno. Ninachokilisha moyo mchana huweza kurudi usiku. Nilipojichunguza nilikumbuka kwamba mwezi mmoja kabla ya ndoto ile, mhazini alikuwa amenirudishia madai yangu ya nauli ya kwaya kwa sababu sikuwa na risiti. Nilitabasamu mbele yake, lakini nilinuna ndani. Kama ndoto yangu ilisema neno lolote, ilinisema mimi niliyelala. Juu yake haikuwa na neno. Ilinipasa kupiga magoti na kuomba ombi la Daudi, kwamba Mungu auchunguze moyo wangu (Zaburi 139:23, 24). Badala yake niliipeleka mezani.

Lakini Mungu Hasemi kwa Ndoto?

Husema, nasi tunaamini hivyo. Ndoto ya Mmidiani ilikuwa ya kuchekesha kuliko yangu: mkate wa shayiri ulibingirika kambini, ukaigonga hema na kuipindua. Mungu aliitumia kumtia moyo Gideoni (Waamuzi 7:13–15). Kwa hiyo hatuwezi kuikataa ndoto kwa sababu tu ni ya ajabu.

Tuangalie basi matunda. Yusufu wa Nazareti alikuwa na sababu, kwa macho ya kibinadamu, za kumdhania Mariamu vibaya. Ndoto aliyopewa na Bwana ilimsafisha mwanamke, nayo ikamgharimu mwotaji mwenyewe: alimchukua mkewe, na baadaye, kwa ndoto nyingine, akakimbilia Misri usiku. Ndoto yangu ilikuwa kinyume. Ilimgharimu mwingine, na mimi ikanipa heshima.

Yusufu mwana wa Yakobo aliota ndoto ya kweli, na bado ndugu zake walizidi kumchukia kwa ajili ya ndoto zake na maneno yake. Biblia haisemi kwamba alikosa kuzisimulia. Lakini tunajifunza kwamba hata ndoto ya kweli ni mzigo ikiingia katika nyumba yenye wivu. Baba yake alimkemea, kisha akaliweka jambo lile moyoni. Ni vema kanisa nalo lijue kuliweka jambo moyoni.

William Miller naye aliota ndoto inayofahamika sana kati yetu. Aliona kisanduku cha vito vilivyotawanywa na watu na kuchanganywa na takataka na vito vya bandia, akalia. Kisha mtu mwenye ufagio akafungua madirisha, akaondoa uchafu, akavikusanya vito katika sanduku kubwa zaidi. Miller alipaza sauti kwa furaha hata akaamka. Aliisimulia kama ndoto yake, wala hakumtaja jirani yeyote kuwa ndiye aliyetawanya vito.

Hili ndilo Yeremia anaagiza. Yeye hakumkataza mwenye ndoto kuisimulia. Alisema aisimulie kama ndoto, na mwenye neno la Mungu aliseme neno hilo kwa uaminifu. Makapi yasihesabiwe kuwa ngano (Yeremia 23:28). Kumshtaki mtu ni jambo jingine kabisa. Torati inadai mashahidi wawili au watatu (Kumbukumbu la Torati 19:15), na Paulo anarudia kanuni hiyo kwa ajili ya wazee wa kanisa (1 Timotheo 5:19). Mtu aliyelala hajashuhudia kitu.

Kosa Langu Lilikuwa Wapi?

Sikukosa kwa kuota. Kucheka kwenyewe hakukuwa kosa. Mungu ametupa kicheko, na familia inayoweza kucheka ndoto za usiku wakati wa chai ya asubuhi ina baraka. Kusimulia ndoto yenye jina la mtu, mbele ya watu, yeye akiwa hayupo, kulikuwa kukosa busara.

Lakini dhambi yangu ilikuwa hii: niliposikia wakisema “ameonyeshwa,” nilinyamaza. Neno moja lingetosha: “Hapana, ndugu zangu, nilikuwa nimepika pilau.” Sikulisema, kwa sababu ilinipendeza kutazamwa kama mtu aliyepewa ujumbe. Wakati ule nilikuwa macho kabisa.

Kabla ya Meza ya Bwana iliyofuata, nilisimama mbele ya waliokula pamoja nami siku ile, nikawaeleza ndoto ilitoka wapi na kinyongo changu kilitoka wapi. Kisha, katika huduma ya unyenyekevu, nilichukua beseni na kitambaa nikamwendea mama yule. Alinitazama kwa muda. Akavua viatu, akasema, “Fanya upesi, mwanangu, maji yasipoe.” Sikusikia akisema kwamba yamekwisha, wala sikuwa na haki ya kumdai aseme. Jina jema huharibika kwa dakika moja mezani, na kulijenga tena ni kazi ya Sabato nyingi. Hata sasa, akitangaza taarifa ya hazina, namwona akiinua karatasi juu kidogo ili wote waione. Hapo awali hakufanya hivyo.

Maswali ya Kujadili

1. Mshiriki mpya anaota amerudia maisha ya zamani na anaamka akijihukumu. Mtamwambia nini kutoka katika Yakobo 1:14, 15?

2. Mtu anaota marehemu mama yake akimwagiza jambo. Mhubiri 9:5 inatusaidiaje kuipima ndoto hiyo bila kuidharau huzuni yake?

3. Kuna tofauti gani kati ya kusema “niliota” na kusema “nimeonyeshwa”? Nani hulipa gharama tunapoyachanganya?

4. Je, yuko mtu ambaye jina lake limechafuliwa mbele yako, nawe ukanyamaza? Juma hili unaweza kuanzia wapi kulisafisha?