Benki Ikikuuliza Khabari Zako

Ametuandikia ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Pwani aliyehamia Kisii kwa biashara ya nguo, akauliza suala ambalo tumeona si lake peke yake. Asema benki anayoweka fedha zake imemtaka ajaze karatasi upya, ilhali ni mteja wao wa miaka mingi. Watakiwa nakala ya kitambulisho, namba ya kodi, picha, mahali anapokaa, kazi aifanyayo, fedha zake zitokako, na jina la jamaa wa kuitwa likimpata jambo. Rafiki yake wa Nyamira, mkulima wa chai, ameletewa karatasi kama hiyo, naye ashauri waandike lolote liwajialo, kwani benki si mzazi wao. Ndugu yetu auliza: je, yajuzu kuandika uongo katika karatasi ya benki, madhali anayeuliza hana haki ya kuuliza?

Kwanza yatupasa tujue kama kweli muulizaji huyo hana haki. Baada ya hapo ndipo tuseme juu ya uongo. Khabari ya riba, ambayo najua baadhi ya wasomaji wataitaja kabla hawajafika mstari wa tatu, si maudhui yetu leo.

Kuandikwa si kudhalilishwa. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kupita zote, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Basi aonaye kuwa kutajwa jina lake katika hati ya mali ni kuvunjiwa heshima, hakuisoma vyema. Na benki za Kenya haziulizi kwa udadisi tu. Sheria ya mwaka 2009 juu ya fedha za uhalifu yazilazimisha zimjue mteja ni nani na mali yake yatoka wapi, na zipeleke taarifa serikalini zikiona muamala wenye shaka. Mwezi wa Februari 2024 shirika la kimataifa liitwalo FATF liliitia Kenya katika orodha ya nchi zinazoangaliwa kwa udhaifu katika jambo hili. Hapana ajabu basi kuwa benki hazipendi kuonekana zimelala.

Lakini haki ya kuuliza ina mpaka, na mpaka wake ni haja. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, yamlinda mtu asitakiwe khabari za jamaa yake wala za mambo yake ya faragha pasipo lazima. Sheria ya kulinda khabari za watu ya mwaka 2019 yaongeza: mwenye kuzichukua akwambie azitakia nini na atampa nani, wala asichukue zaidi ya haja yake. Kazi yako yaihusu benki. Lakini karatasi ikikuuliza kabila lako au madrasa wanayosoma wanao, una haki ya kuweka kalamu chini na kusema: la nini hili?

Na haki ya kuuliza si haki ya kueneza. Hapa ndipo kiini cha jambo. Ukimwekesha mtu shilingi mia, akakurudishia mia kamili, lakini akawa amewatangazia watu kuwa ulikuja nazo, je, amana ameitimiza? Uingereza ilitokea kesi, iliyoandikwa katika vitabu vya hukumu vya mwaka 1924, ya mtu aitwaye Tournier. Alikuwa akidaiwa na benki yake fedha chache, si zaidi ya paundi kumi. Meneja akapiga simu kazini kwake kuuliza anwani yake, na katika maneno yale akaitoa siri ya deni, na tena kwamba alimdhania mtu huyo kuwa mcheza kamari. Tournier hakupewa kazi tena. Majaji walisema benki yafungwa na siri ya mteja wake, na wakataja milango minne tu ya kuitoa: sheria ikilazimisha, maslaha ya umma yakitaka, benki ikidai haki yake yenyewe, au mteja mwenyewe akiridhia. Mahakama za Kenya zimeirithi kanuni hiyo. Nami nawaomba wasomaji watazame jambo moja: kamari ni haramu kwetu bila khitilafu, wala aliyetajwa hakuwa mtu wa kusifiwa, na hata hivyo siri yake ilikuwa haki yake. Wangapi kati yetu wangemtetea mtu wa namna hiyo?

Yafaa tuitazame Kisii na Nyamira, kwani huko jambo hili lina sura yake. Watu wajuana kwa koo. Mkulima wa Kebirigo au wa Tombe hupeleka majani yake kiwandani, na malipo, pamoja na ile nyongeza ya mwaka waiitayo bonasi, hupita benki au chama cha akiba na mikopo. Karani aliyekaa dirishani aweza kuwa mtoto wa shangazi yake, au mtoto wa jirani wanayeteta naye mpaka wa shamba. Mkulima huyo haichelei serikali ya Nairobi kama anavyolichelea neno litakalofika nyumbani kabla yake. Fikiri juu ya mjane aliyepata fedha za marehemu mumewe. Karani akinong'ona asubuhi, adhuhuri neno liko sokoni Keroka, na usiku mashemeji wako mlangoni, kila mmoja na deni asilolijua marehemu. Karani yule hakuiba hata senti moja, na kesho ataketi dirishani kama kawaida.

Wala tusijifanye kuwa huo ni ugonjwa wa bara. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na kwa miaka mingi baadaye, wakala aliweka daftari wazi juu ya meza: jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi, sahihi. Wa ishirini akishika kalamu alizisoma khabari za watu kumi na tisa waliomtangulia. Nasi wa Mombasa, Lamu na Malindi tulitia sahihi katika madaftari hayo hayo, wala sikumbuki kumsikia mtu akinung'unika.

Kisha wakaja wakopeshaji wa simu, ambao ukichelewa kuwalipa huwapigia mkweo na mwajiri wako. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zimewakataza, na Septemba 2023 mkopeshaji mmoja, Mulla Pride, alitozwa faini ya shilingi 2,975,000 kwa kuwatishia watu kwa namba alizozipata kwa wengine. Ni yule meneja wa Tournier, ila amepata simu elfu.

Tena kuulizwa hakutuangukii sote sawasawa. Bila kitambulisho hapana hesabu ya benki, na Wanubi, ambao wako Kisii pia, pamoja na Waislamu wengi wa Pwani, waijua khabari ya kuketishwa mbele ya kamati na kuulizwa babu wa babu. Chama cha kutetea haki za Wanubi kilikuwa miongoni mwa walioshitaki juu ya Huduma Namba, na tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ikakataza kukusanywa alama za damu ya nasaba, yaani DNA, na vipimo vya mahali nyumba ilipo. Aliyeulizwa kupita kiasi maisha yake yote hatulaumu akiiona kila karatasi kuwa mtego.

Sasa, juu ya uongo. Najua hoja itakayoletwa: kwamba wanavyuoni, nao Imam Ghazali na Imam Nawawi wamo, wamesema dhalimu akiuliza ilipofichwa amana ya mtu, yajuzu kumficha hata kwa uongo. Ni kweli. Lakini hukumu ile ni ya mtu aliyebanwa ukutani na mwenye upanga. Ndugu yetu hakubanwa. Aweza kuuliza sababu, aweza kukataa kujibu lisilohusu, aweza kutoa fedha zake na kwenda kwingine, aweza kumshitakia Kamishna wa kulinda khabari za watu. Mwenye milango minne wazi hahitaji kuvunja ukuta. Kunyamaza ni haki yake. Kuandika uongo na kuutilia sahihi ni kushuhudia uongo, na hatuoni ruhusa yake hapa.

Basi na arudi kwa benki yake, aandike kweli pale palipo na haja, na papasipo haja aandike kuwa hajibu mpaka ajulishwe sababu. Aulize pia ni nani atakayeiona karatasi hiyo, na adai jibu la maandishi. Mahali pa jina la jamaa asipaache patupu, wala asiandike jina la kubuni kama alivyoshauri rafiki yake. Hesabu isiyoguswa miaka 5 huhesabiwa kuwa imeachwa, na kwa sheria ya mwaka 2011 fedha zake hupelekwa serikalini kungojea mwenyewe. Na mayatima wasioijua hesabu hiyo wataidai vipi? Ila amwambie huyo jamaa, mbele ya mashahidi, kwamba ameandikwa ili kuwajulisha wenzake, si ili arithi peke yake, na mafungu yatagawiwa mbele ya Kadhi.