Sarafu ya Dhahabu Sandukuni: Akiba au Kanzi?

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, siku hizi hosteli zetu zimejaa maneno ya dhahabu. Wapo vijana wanaokata matumizi yao ili wanunue sarafu za wakia moja moja: Krugerrand ya Afrika Kusini, Maple Leaf ya Kanada, Britannia ya Uingereza. Wengine hawatafuti faida, wanakusanya tu kwa kuzipenda. Swali linalokuja baada ya swala ni hili: je, hii siyo kanzi iliyotajwa katika Surat at-Tawba, aya ya 34, ambayo wenye nayo wamebashiriwa adhabu chungu?

Aya ile ni nzito, haifai kuipita mbio. Abu Dharr (r.a.) alihitilafiana na Muawiya kule Sham kwa ajili yake: Muawiya akisema imewashukia Watu wa Kitabu, Abu Dharr akisema imewashukia wao na sisi pia. Ibn Umar (r.a.) ndiye aliyeweka mpaka walioufuata wanazuoni wengi, kwamba mali iliyotolewa zaka si kanzi hata ikizikwa ardhini. Basi la kuchunguza ni haki ya maskini: imetoka, au nayo imefungiwa humo sandukuni?

Tupige hesabu. Nisabu ya dhahabu ni dinari 20. Dinari aliyoipiga Abdul-Malik bin Marwan mwaka 77 Hijria ilikuwa na uzito wa gramu 4.25 hivi, ndiyo maana leo tunasema gramu 85. Krugerrand ukiiweka kwenye mizani itasoma gramu 33.93, kwa sababu ni ya karati 22 na imechanganywa na shaba. Dhahabu safi iliyomo ni gramu 31.1, na hiyo ndiyo ya kuhesabu. Mwenye sarafu mbili ana gramu 62.2. Akipata ya tatu anafika gramu 93.3, na tangu siku hiyo mwaka wa mwandamo unaanza kwenda. Ukitimia, anatoa asilimia 2.5. Kwa sarafu za fedha nisabu ni gramu 595, yaani sarafu 20 za wakia moja zinaivuka.

Hapa wengi hujidanganya. Mtu ana sarafu mbili, na kwenye simu ana akiba ya pesa, anasema hajafika popote. Wanazuoni wengi wa zama zetu wanazijumlisha pamoja. Naye anayesema “mimi mkusanyaji tu, siuzi” hana pa kujificha: ruhusa waliyoitoa Mashafii na wengineo ni ya mapambo anayoyavaa mwanamke, na sarafu iliyo ndani ya kasha la plastiki haivaliwi na mtu. (Bado sijataja kichwa cha Paul Kruger kilichochongwa juu yake. Hiyo ni mada nyingine.)

Lakini zaka ni ya mwisho wa mwaka. Hatari kubwa zaidi iko siku ya kununua. Katika hadithi ya Ubada bin Samit (r.a.), Mtume (s.a.w.) ameamrisha dhahabu kwa dhahabu iwe sawa kwa sawa na mkono kwa mkono; aina zikitofautiana uzito unaweza kutofautiana, ila mkono kwa mkono unabaki palepale. Mabaraza ya fiqhi yamezipa noti zetu hukumu hiyo hiyo. Kwa hiyo yule anayekuambia “chukua sarafu leo, ulipe kidogo kidogo mpaka mwisho wa muhula” anakutia kwenye riba ya kuchelewesha, hata asipokuongezea senti moja. Na kijana anayelipa leo kwa muuzaji wa mbali, kisha sarafu isubiriwe wiki tatu, aulize kwanza: siku niliyolipa, dhahabu yangu ilikuwepo, imetengwa kwa jina langu? AAOIFI ya Bahrain, katika kiwango chake namba 57, inakubali umiliki wa namna hiyo iwapo dhahabu imebainishwa na mnunuzi ana uwezo wa kuitumia apendavyo. Ahadi tupu haitoshi.

Limebaki la wakusanyaji. Wana desturi ya kubadilishana: sarafu mbili za kawaida kwa moja adimu ya zamani. Uadimu hauhesabiwi katika mizani ya sharia, na hiyo ni dhahabu kwa dhahabu yenye ziada. Bilal (r.a.) alibadilisha pishi mbili za tende duni kwa pishi moja ya tende nzuri, Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa hiyo ndiyo riba yenyewe, akamwelekeza auze zile duni kwanza kisha anunue nzuri kwa thamani yake. Nanyi fanyeni hivyo hivyo: uza zako mbili, pokea pesa mkononi, kisha nunua ile adimu kwa bei mtakayokubaliana, hata ikiwa mara tatu ya uzito wake. Wallahu aalam.